Jeneza la Kwenda na Kurudi

Kikaratasi tulichookota kwenye kofia kilikuwa na neno moja tu: jeneza. Kundi lililotutangulia lilipata "jiko", jingine likapata "dawati la shule", wakapigiwa makofi. Sisi hatukupigiwa. Mratibu wa mradi, uliotukutanisha mafundi na wabunifu tutengeneze vitu vya maonesho, alisema tunaweza kubadilisha kama tunaona vibaya, na kwa kuwa alisema hivyo mbele ya watu, nikamjibu kwamba hatuoni vibaya hata kidogo. Hiyo ndiyo tabia yangu, na imeniingiza kwenye mengi.

Tulikuwa watatu. Mimi ni mwanamke na ni seremala. Nina karakana ndogo hapa Tabora mjini, na mteja anayekuja mara ya kwanza huniuliza fundi yuko wapi. Wa pili alikuwa mzee wa kuchomelea vyuma, Mnyamwezi mzaliwa wa Gongoni, Mwislamu wa swala tano, mtu anayeunga fremu ya baiskeli ikarudi barabarani kana kwamba haikuwahi kukatika. Wa tatu alikuwa binti mbunifu kutoka Dar es Salaam, mwenye shahada na kalamu za rangi kumi na mbili. Mzee alimuuliza kabila kabla hajamuuliza jina. Binti aliposema ni Mzaramo, mzee akatuambia tuhesabu vyuma vyetu kabla ya kwenda nyumbani, na binti akajibu kwamba vyuma vya Wanyamwezi hata mwizi akiviona huvionea huruma. Tangu siku hiyo walielewana vizuri.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Wazee husema utani huo ulianza enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo kwa miguu kutoka huku hadi pwani, wakapita kwa Wazaramo wakiwa na njaa na majivuno. Mtani humkasirikii. Na msibani anaruhusiwa kufanya mambo ambayo mtu mwingine angefukuzwa nayo.

Masharti ya mradi yalibandikwa ukutani. Vifaa vyote vipatikane umbali ambao mtu wa baiskeli anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Usikatwe mti uliosimama. Bei isizidi ya mbuzi. Na kitu chenyewe kikikamilika, kifungike nyuma ya baiskeli moja. Mratibu alituambia kwamba masharti hufungua akili. Mimi nimefanya kazi miaka kumi na tano bila mbao za kutosha na bila umeme wa uhakika, na sikujua kuwa muda wote huo akili yangu ilikuwa inafunguliwa.

Jumamosi nikaenda kijijini kwa bibi, upande wa Sikonge. Bibi huyu, mama yake mama, ndiye aliyenilea. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza mjini wananifanyisha nini siku hizi. Nikamwambia natengeneza jeneza. Hakushtuka. Alifunga kopo lake la ugoro, kopo ambalo kanisani kwetu Moraviani lilikuwa halijulikani rasmi, akasema, "Basi la kwanza liwe langu, mke mwenzangu."

"Bibi, wewe mzima."

"Ndiyo maana nasema sasa. Nikishakufa nitamwambia nani?"

Kisha akanieleza. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mninga mkubwa wenye mizinga mitano ya nyuki, ambayo babu aliitundika kabla sijazaliwa. Babu alipofariki mizinga ikawa ya bibi, na mjomba wangu mkubwa, mwanawe wa kwanza, ndiye aliyekuwa akipanda kuvuna. Sasa mjomba alikuwa ametangaza kwenye kikao cha ukoo kwamba mama yake hatazikwa kwenye mbao za makreti kama chupa za soda. Atazikwa kwenye mninga, na mninga upo. Wote waliitikia. Hakuna aliyemuuliza bibi, ingawa alikuwemo chumbani humo humo akimenya karanga.

"Nyuki wale wamenisomeshea watoto sita," bibi akasema, "pamoja na huyo anayetaka kuukata. Nitalalaje humo? Wewe nitengenezee kitu ambacho mwanangu hataona aibu kukibeba. Asipoona aibu, mti utabaki."

Hilo ndilo lilikuwa agizo. Akalala juu ya mkeka, akanyoosha miguu, nami nikampima kwa kamba kwa sababu futi niliisahau mjini. "Usinibane mabega," akasema. Tukacheka wote wawili. Nilipokuwa narudi nililia njiani, na nilijikasirikia, kwa sababu mtu mwenyewe nilimwacha akifukuza kuku.

Niliwaeleza wenzangu. Mzee akasema ni jambo la heri mtu kujiandaa. Binti akaandika juu ya ukurasa: "Mteja: bibi." Tukaanza.

Vifaa havikutusumbua. Vijiji vya tumbaku vina mabani ya zamani, yale mabanda ya kukaushia majani, na yakibomoka huacha fito nyingi zilizokauka kwa moshi wa miaka. Mzee alikuwa na lundo la fremu za baiskeli zilizokufa. Kilichotusumbua hatukukijua, kwa sababu kila mmoja alikuwa anafurahia maendeleo.

Mzee alikuwa akisema, "Likirudi, lazima liwe linaoshika kirahisi." Nikaandika: lioshike kirahisi. Nilidhani anazungumzia kurudi kutoka kwenye maonesho, maana barabara ina vumbi. Mimi nikasema kifuniko kipigwe misumari minne, inatosha. Akanitazama kwa huruma, akakubali. Baadaye aliniambia alidhani ni kwa sababu ya mashimo ya barabara zetu za vijijini. Mimi nikapunguza unene wa fito ili tusipoteze vifaa. Yeye akaongeza unene wa bomba ili lisichoke. Binti alichora kila tulichosema. Michoro yake ilikuwa mizuri sana na haikueleweka, lakini tulishaambiwa kwamba kazi ya mbunifu haieleweki siku ya kwanza, basi tukaivumilia kwa wiki mbili.

Tuligundua wakati wa chai. Mzee alikuwa anapiga hesabu ya rangi. Akasema rangi nzuri itadumu miaka mitano, lakini chuma chenyewe, inshallah, miaka arobaini.

"Arobaini chini ya ardhi?" nikauliza.

Akaweka kikombe chini. "Chini ya ardhi likafanye nini, mwanangu?"

Tukatazamana. Kwa Waislamu wa mjini, jeneza ni kile kitanda cha kubebea maiti, kinakaa msikitini. Maiti hushushwa kaburini na sanda yake, na jeneza hurudi kumsubiri mwingine. Kwetu sisi Wakristo jeneza ni sanduku, nalo likienda limekwenda. Wote wawili tulijua. Mimi nimekaa kwenye misiba ya majirani Waislamu tangu nikiwa mdogo, na yeye amechomelea vishikio vya majeneza ya Wakristo kuliko anavyokumbuka. Lakini kila mmoja aliposikia neno aliliona la kwao, na hakuona cha kuuliza. Tulikuwa tumetengeneza vitu viwili. Cha kwake hakikuwa na sakafu wala kifuniko. Cha kwangu kilikuwa chepesi kiasi kwamba kingebebwa na watu sita kingepinda katikati.

Nilikasirika sana. Nilimwambia binti kwamba yeye ndiye mwenye shahada, na wiki mbili amekaa akichora kitu chenye misumari kinachooshwa, asijiulize. Binti alikwenda kukichukua cha kwangu, akakibeba peke yake, akakitumbukiza ndani ya cha mzee. Kikaingia. Vidole viwili tu vilibaki kila upande, kwa sababu sote tulipima kwa kamba ile ile ya bibi.

"Hiki kinakwenda," akasema, "na hiki kinarudi."

Mzee akasema, "Mzaramo kumbe ana akili, ila anaificha." Kuomba radhi niliomba kesho yake, na kwa ufupi.

Kwa hiyo ndivyo kilivyokuwa. Nje, kiunzi cha chuma kinachokunjika, chenye ubavu wa mbao za zamani zilizopigwa randa na kung'arishwa kwa nta ya nyuki, chenye vishikio sita, ambacho kijiji kizima kingekitumia kwa zamu. Ndani, kitanda chepesi cha fito zilizosukwa kwa kamba ya katani, chenye kifuniko, cha mtu mmoja, cha kwenda naye. Tulikipeleka kwa bibi akijaribu. Mjomba hakuwepo, alikuwa mnadani Igunga kutafuta ng'ombe. Bibi aliingia, akalala, akatoka, akasema ndani kunanukia tumbaku na kwamba hana malalamiko. Alimuuliza binti kwa nini amekonda hivyo, au Uzaramoni mwaka huu hawakupata Mnyamwezi wa kumwibia. Binti akasema walimpata, ila alikuwa hana kitu. Bibi alicheka hadi akashika mbavu. Kitanda cha fito tulimwachia. Kiunzi tulirudi nacho mjini kwa ajili ya maonesho, ambako watu walikitazama kwa heshima na wakaenda kununua majiko.

Bibi alifariki msimu wa mvua uliofuata, asubuhi, katikati ya wiki ya palizi. Mjomba alinipigia simu. Alisema, "Bibi yako ametutoka. Chenso nimeshaagiza." Kisha akakata.

Niliketi juu ya meza yangu ya kazi. Nilikuwa na uchungu, na ndani ya uchungu kulikuwa na hasira, kwa sababu mtu huyu alikuwa amefiwa na mama yake na jambo la kwanza alilowaza ni mashine ya kukatia mti wake. Nikampigia mzee. Mzee akampigia binti, ambaye bado alikuwa amepanga chumba mjini akiandika ripoti. Tulipakia kiunzi kwenye kirikuu cha jirani, kile kigari kidogo cha mizigo, na baiskeli ya mzee juu yake.

Kirikuu kilikwama kwenye tope mahali barabara ya kijijini inapoacha lami. Ndipo tulipotimiza sharti la nne. Kiunzi kilikunjwa, kikafungwa nyuma ya baiskeli moja, na kilifungika vizuri kabisa. Kuiendesha hiyo baiskeli ni suala jingine ambalo masharti hayakuligusa. Tuliisukuma kwa zamu, mimi, mzee na Mzaramo, tumevua viatu, tope hadi magotini.

Tulifika alasiri. Mninga ulikuwa umesimama. Fundi wa chenso alikuwa ameketi barazani na sahani ya ugali, mbali na mti, mashine kando yake. Alitueleza kwa utulivu kwamba anasubiri jua lipungue, kwa sababu nyuki wale hawana adabu.

Nilimwamkia mjomba, tukapeana pole. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Wanawake walikuwa wamekitoa kitanda cha fito chumbani kwa bibi na kukiweka uani, nacho kilikuwa bado kina karanga; alikuwa akihifadhia humo. Mjomba akakizunguka.

"Hili ni tenga," akasema.

"Ni jeneza la bibi, mjomba. Alilitaka mwenyewe. La nje tumekuja nalo, utaliona."

"Nimeshaona. Hili ni tenga la kuku. Unataka nimzike mama yangu kwenye tenga, watu wakiangalia?"

Hapo ningenyamaza. Ningekumbuka kwamba mimi ni mtoto mbele yake, na kwamba wazee wote walikuwa wakisikiliza. Badala yake nilimwambia kwamba yeye hamziki mama yake, anawazikia majirani. Kwamba alipokuwa hai hakumuuliza anachotaka, na sasa anajifanya kumheshimu kwa kumkatia kitu alichokipenda. Niliyasema kwa sauti. Wazee wakakohoa. Mama yangu akafunika uso kwa kanga. Mjomba aligeuka akamwambia fundi wa chenso amalize kula.

Nilijua nimeuangusha mti kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndipo nilipomwona binti. Alikuwa ananawa miguu kwenye ndoo, taratibu, kama mtu anayejiandaa kuingia kwenye nyumba yenye zulia. Akapita katikati ya watu, akainua kifuniko, akaingia ndani ya kitanda cha bibi juu ya karanga, akalala chali na kukunja mikono kifuani. Nilidhani amechanganyikiwa kwa uchovu.

"Mimi Mzaramo!" akapaza sauti. "Nimesikia Mnyamwezi amekufa, nimetembea kwa miguu kuja kuhakikisha. Nimekuta na aibu yao imekufa pia, umebaki ubishi."

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Kisha bibi mmoja jikoni akapiga kigelegele, akajizuia, akacheka, na wengine wakamfuata huku machozi yakiwatoka.

Mjomba akamsogelea. "Mtani, toka humo."

"Sitoki. Wewe umesema ni tenga. Basi mimi kuku. Kuku hujitoa mwenyewe tengani?"

"Nitakupa kuku mwenzako, utoke."

"Kuku wenu wamekonda, hata kanga wa porini anawacheka."

"Mbuzi."

"Mbuzi nitampakia wapi? Baiskeli imeshabeba jeneza la mtani wangu." Akanyoosha kidole nyuma ya nyumba bila kuinua kichwa. "Nataka ule mti."

Nilimtazama mzee wa Gongoni. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yakimtikisika. Kila mtu pale alijua kanuni. Mtani akidai msibani, hupewa. Ukimnyima, maneno yake yatakufuata hadi siku yako, na siku yako atakuja pia.

Mjomba akautazama mninga, kisha akamgeukia binti. "Utaupelekaje Dar es Salaam?" akauliza.

"Nitauacha hapa hapa. Wewe utanilindia. Na nikisikia umekatwa hata tawi, nitakuja kulala kwenye kaburi lako, na sitatoka kwa mbuzi."

Mjomba akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha kulazimishwa, lakini hakikuishia hapo, kiligeuka kilio. Mjomba wangu mkubwa akaketi chini kwenye tope kando ya tenga na kulia kwa sauti, akimwita mama yake, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa bado analia aliposema, "Chukua. Chukua, mtani, ni wako." Binti akatoka, akamshika mkono, akakaa naye hapo chini. Karanga zilikuwa zimemganda mgongoni.

Fundi wa chenso akauliza kama kuna mti mwingine.

Tulimzika kesho yake saa nane mchana. Wanawake walitandika kitenge chake kipya ndani ya kitanda cha fito. Tulipomlaza, palibaki nafasi miguuni, kwa sababu tangu nimpime alikuwa amepungua. Mama akaijaza kwa kanga. Kiunzi kilibebwa na vijana sita wa kwaya, nta ikang'aa, na nikawasikia majirani wakinong'ona kwamba mtoto wa kwanza amejitahidi. Mjomba alisikia pia. Kaburini kiunzi kilifunguliwa, kitanda kikashushwa kwa kamba, na bibi akaenda na cha kwake. Mzee wa Gongoni alisimama pembeni wakati wa sala zetu, mikono ameiachia ubavuni, na wakati wa kufukia akachukua jembe kama wengine.

Jioni nilimuuliza binti nani alimfundisha. Akasema ni bibi yake wa Kisarawe, ambaye alikuwa akiharibu misiba ya watu namna hiyo, na yeye alikuwa akijificha kwa aibu.

Msimu wa asali ulipofika nilipigiwa simu na mjomba. Tangu msiba tulikuwa tunasalimiana tu. Alitaka namba ya mmiliki wa mti. Nilidhani anatania, nikampa. Baada ya siku mbili akapiga tena, akiwa amekasirika. Alisema amempigia Mzaramo huyo kumwomba ruhusa ya kuvuna, na Mzaramo amemhoji kama polisi: mizinga mingapi, ina asali kiasi gani, nyuki watabaki na nini. Mwishoni amemwambia avune minne, mmoja awaachie.

"Na umeuacha?" nikauliza.

"Sasa nifanyeje? Mti ni wake." Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Unajua, mama sikuwahi kumwomba. Mizinga ilikuwa yake miaka yote ile. Mimi nilikuwa napanda tu."

"Hata mimi, mjomba," nikamwambia. "Mimi nilikuwa nakula tu."